Nikeli, Mto Rusizi na Mfuko wa Urea: Mizani ya Haidrojeni Muganza

Kutoka mji wa Kamembe barabara hushuka kuelekea kusini, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyoongezeka. Ukifika uwanda wa Bugarama umefika chini kabisa nchini Rwanda, kwenye mwinuko wa mita 950 hivi, pale mto Rusizi unapoiacha nchi. Ng'ambo ya magharibi ni Kamanyola ya Kongo, kusini ni Burundi, na sokoni Kiswahili husikika sambamba na Kinyarwanda. Hapo ndipo ulipo umurenge, yaani kata, wa Muganza. Anayepita huko huona vitu viwili kwanza: majaruba ya mpunga, na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, ambacho kimekuwa kikichoma mawe ya chokaa tangu miaka ya 1980 na mwaka 2015 kilizinduliwa upya kwa uwezo wa tani laki sita kwa mwaka.

Mpunga na saruji vinaonekana kama mambo mawili yasiyohusiana. Kwa macho ya mkemia, vimekaribiana mno. Mpunga unataka urea. Urea hutengenezwa kwa amonia na kabonidioksidi. Amonia hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani na haidrojeni. Haidrojeni inaweza kutolewa kwenye maji kwa nguvu ya umeme. Mto Rusizi una maji na una umeme, na tanuri la saruji linatupa kabonidioksidi angani usiku na mchana. Juu ya hayo, upande wa mashariki, pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Burundi, kuna nikeli nyingi ardhini, nayo ndiyo metali inayofanya kazi ya kuchochea utengano wa maji katika mitambo ya alkali kote duniani.

Leo hakuna kiwanda cha haidrojeni Muganza. Makala haya yanautumia umurenge huu kama mizani ya kupimia swali zima: vichocheo vya nikeli vimefika wapi, vinaweza kutuletea nini, na ni kitu gani hasa kinachotuzuia? Wengi wanaoandika juu ya haidrojeni huwaachia wasomaji wazo kwamba tunangoja kichocheo cha ajabu kutoka maabara fulani ya ng'ambo. Nitaonyesha kwa hesabu kwamba sivyo.

Hesabu ya mfuko mmoja

Tuanze na mfuko wa kilo 50 wa urea, ule anaoubeba mkulima begani au kwenye baiskeli. Asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, yaani kilo 23. Naitrojeni hiyo ilipitia kwanza kwenye amonia, takriban kilo 28, na ndani ya amonia hiyo kulikuwa na haidrojeni karibu kilo 5. Ili kuzipata kilo hizo 5 kutoka kwenye maji, unahitaji lita 45 hivi za maji, madumu mawili na zaidi kidogo. Unahitaji pia kilo 37 hivi za kabonidioksidi ili kuigeuza amonia kuwa urea. Na unahitaji umeme.

Umeme ndio moyo wa hesabu. Sheria za maumbile zimeweka sakafu: kama nishati yote inatoka kwenye umeme, seli inahitaji volti 1.48, na kilo moja ya haidrojeni haiwezi kupatikana kwa chini ya yuniti 39.4, yaani kilowati-saa. Kila sehemu ya kumi ya volti inayoongezeka juu ya sakafu hiyo inaongeza karibu yuniti 2.7 kwa kila kilo. Seli inayofanya kazi kwa volti 2 inakula yuniti 53 kwa kilo. Ile inayofanya kazi kwa volti 1.8 inakula 48. Kwa mfuko wetu mmoja, hizo ni yuniti 262 kwa seli ya kwanza na 236 kwa ya pili. Bado hatujahesabu umeme wa kutenga naitrojeni hewani, kugandamiza gesi na kuendesha mtambo wa amonia.

Tofauti ya yuniti 26 kwa mfuko ndiyo uwanja mzima wa kichocheo. Kichocheo hakiongezi haidrojeni iliyomo kwenye maji, wala hakishushi sakafu ya 1.48. Kazi yake ni kupunguza volti za ziada zinazopotea kama joto kwa sababu mmenyuko unasitasita. Sehemu nyingine ya hasara hutokana na ukinzani wa mchanganyiko, kiwambo na mapovu ya gesi yanayofunika elektrodi, na hiyo kichocheo hakiigusi sana.

Ndani ya seli ya alkali

Seli ya alkali ni chombo chepesi kueleweka. Chukua maji safi, uyayeyushie potasiamu haidroksidi hadi ifike asilimia 25 au 30, uyapashe moto hadi nyuzi 70 au 90 za Selsiasi. Tumbukiza elektrodi mbili na uzitenganishe kwa kiwambo kinachopitisha ayoni lakini kinazuia gesi zisichanganyike, kwa kuwa haidrojeni na oksijeni zikikutana huweza kulipuka. Zamani kiwambo kilikuwa cha asbesto. Ilipojulikana kwamba asbesto inaua mapafu, viwanda vilihamia kwenye viwambo vya plastiki ngumu iliyochanganywa na oksidi ya zirkoniamu.

Kwenye kathodi, maji hupokea elektroni na kuachia haidrojeni. Kwenye anodi, ayoni za haidroksidi huachia elektroni na kutoa oksijeni. Kwa kila kilo ya haidrojeni hutoka kilo 8 za oksijeni. Kwa mfuko wetu mmoja wa urea ni kilo 40 hivi. Baada ya kuona watu wakihangaika kutafuta mitungi wakati wa UVIKO-19, hakuna anayepaswa kuiita oksijeni hiyo taka. Ikisafishwa na kupimwa inavyopasa, hospitali za wilaya kama Gihundwe na Mibilizi zina matumizi nayo.

Maji yenyewe yanadai uangalifu. Ukanda wa Bugarama una mawe ya chokaa na chemchemi za maji moto za Amashyuza, na maji yaliyopita kwenye chokaa hubeba kalsiamu. Kalsiamu ikiingia kwenye alkali hugeuka ukoko, kama ule unaokaa chini ya birika. Kwa hiyo mtambo wowote wa Muganza ungehitaji kwanza chujio na kifaa cha kuondoa madini. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na umeme, lakini ukiupuuza usafi wa maji utaua elektrodi kabla ya wakati wake.

Kwa nini nikeli

Metali bora kuliko zote kwa kutoa haidrojeni ni platinamu. Sababu inaweza kuelezwa kwa methali yetu ya mgeni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atomu ya haidrojeni lazima ipokelewe na uso wa metali, ikae kwa muda mfupi, ikutane na mwenzake, kisha ziondoke pamoja zikiwa gesi. Metali inayomkataa mgeni mlangoni haifai, na inayomng'ang'ania asiondoke haifai pia. Platinamu iko karibu na katikati. Nikeli tupu huishikilia haidrojeni zaidi kidogo ya inavyotakiwa, hivyo kazi huenda polepole.

Lakini platinamu ni adimu na ghali. Mitambo ya aina nyingine, ile yenye utando wa asidi badala ya mchanganyiko wa alkali, hudai platinamu upande mmoja na iridiamu upande wa pili, na iridiamu inayochimbwa duniani kote kwa mwaka haizidi tani chache, takriban 7 au 8, nyingi yake kutoka Afrika Kusini. Nikeli huchimbwa kwa mamilioni ya tani kila mwaka. Zaidi ya hapo, nikeli ina sifa ambayo metali nyingi za bei nafuu hazina: ndani ya alkali kali na ya moto hailiki. Chuma cha kawaida kikiwekwa anodi kwenye mchanganyiko huo kinaliwa polepole. Nikeli hujivika ngozi nyembamba ya oksidi na kubaki. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vilitumia chuma kilichopakwa nikeli.

Udhaifu wa nikeli, yaani kasi yake ndogo, umetibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza uso. Mwamerika Murray Raney, aliyepata hataza zake katika miaka ya 1920, aliyeyusha nikeli pamoja na alumini, kisha akailoweka aloi hiyo kwenye alkali. Alumini ikayeyuka na kuondoka, ikaacha nikeli yenye vitundu visivyohesabika, kama sponji. Raney aliitengeneza kwa ajili ya kugandisha mafuta ya kula, lakini baadaye wahandisi wa elektrodi waliona kwamba sentimeta moja ya mraba ya sponji hiyo ina uso wa kazi mkubwa mno kuliko bamba laini. Mpaka leo kathodi nyingi za viwandani ni za ukoo huo, wakati mwingine zinki ikichukua nafasi ya alumini. Ni lazima zibaki na unyevu, kwa sababu unga wake ukikauka hewani huwaka wenyewe.

Njia ya pili ni kubadili tabia ya metali kwa kuichanganya na nyingine. Mchanganyiko uliofanya vizuri kuliko mingi ni wa nikeli na molibdenamu. Katika alkali tatizo haliko kwenye haidrojeni peke yake. Kwanza lazima molekuli ya maji ivunjwe, na hilo ni gumu kiasi kwamba hata platinamu hufanya kazi taratibu zaidi kwenye alkali kuliko kwenye asidi. Molibdenamu inaonekana kusaidia uvunjaji huo wa maji huku ikilegeza mshiko wa nikeli kwa haidrojeni, ingawa watafiti bado wanabishana juu ya mgawanyo kamili wa kazi kati ya hizo mbili. Ubaya wake ni kwamba molibdenamu huyeyuka polepole ndani ya alkali, hasa umeme ukikatika.

Siri ya chuma upande wa anodi

Kwenye anodi ndiko kunakopotea volti nyingi zaidi. Kutoa oksijeni ni kazi ya hatua nne, kila hatua ikidai elektroni yake. Hapo sayansi ilipata somo ambalo kila anayefikiria kujenga mtambo Afrika anapaswa kulijua.

Kwa miongo mingi nikeli ilisifiwa kuwa anodi nzuri ya alkali, na ilizoeleka kwamba inaboreka kadiri inavyotumika. Mwaka 1987 mtafiti Dennis Corrigan alionyesha kwamba chembe chache za chuma, zilizoingia kwenye mchanganyiko kama uchafu, zilikuwa zikibadilisha mwenendo wa anodi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2014 kikundi cha Shannon Boettcher katika Chuo Kikuu cha Oregon kiliusafisha mchanganyiko hadi chuma kikaisha, na nikeli haidroksidi iliyobaki ikawa kichocheo kibovu. Sifa iliyopewa nikeli kwa miaka yote hiyo ilikuwa ya nikeli na chuma kwa pamoja. Tangu hapo haidroksidi zenye tabaka za nikeli na chuma zimekuwa kipimo ambacho kila kichocheo kipya cha anodi kwenye alkali hushindanishwa nacho.

Somo hilo lina maana mbili kwetu. Kwanza, anodi bora ya alkali hutengenezwa kwa metali mbili ambazo hazina uadimu wa iridiamu, na upakaji wake unaweza kufanyika kwa kuloweka na kupitisha umeme kwenye beseni la maabara ya chuo. Pili, matokeo ya maabara hayana maana kama hakuna anayejua kilichomo kwenye mchanganyiko. Mtafiti wa Huye au Dar es Salaam anayepima nikeli yake kwenye alkali isiyosafishwa anaweza kuwa anapima chuma cha bomba lake. Maabara yetu zikianza na nidhamu hiyo ya usafi, hazitarudia makosa ambayo wengine waliyafanya kwa miaka mingi.

Umeme unaokatika, elektrodi inayochoka

Karatasi za utafiti hutangaza volti za ziada zilizopimwa kwa saa chache. Kiwanda kinataka elektrodi iishi saa 60,000 au zaidi, yaani karibu miaka saba mfululizo. Kati ya hizo mbili kuna bonde pana, na vichocheo vingi vilivyosifiwa havijalivuka.

Adui mkubwa wa nikeli ni kuzimwa na kuwashwa. Mtambo ukizimika ghafla, chaji iliyobaki kwenye elektrodi hutiririka kinyume kupitia alkali iliyomo kwenye mabomba. Kathodi iliyozoea kupokea elektroni hujikuta ikizitoa. Nikeli ya sponji huoksidika, molibdenamu huyeyuka, na tabaka jembamba hubanduka. Siku moja ya kuzimika haina madhara makubwa, lakini kuzimika kila siku kunaimaliza elektrodi. Wahandisi hukabiliana na hali hiyo kwa kupitisha mkondo mdogo wa ulinzi wakati mtambo umelala, au kwa kuchagua mipako inayostahimili hata kama ina kasi ndogo kidogo.

Hapa Muganza ina faida na hatari. Faida ni kwamba mto hautegemei jua. Rusizi hutoka Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika karibu mita 770, na ziwa lenyewe hutumika kama bwawa kubwa la akiba. Kituo cha umeme cha Ruzizi ya Kwanza kilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kikafuatiwa na Ruzizi ya Pili mwaka 1989, ambayo Rwanda, Burundi na Kongo huimiliki kwa pamoja. Ruzizi ya Tatu, yenye megawati 206, imekuwa kwenye mipango ya nchi hizo tatu kwa miaka mingi, na mwaka 2025 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha kwa ajili yake.

Hatari ni kwamba umeme huo haujawa wa kuaminika. Taka za plastiki zinazosombwa na mvua kutoka mitaa ya mji wa Bukavu, Kongo, hukusanyika kwenye lango la bwawa na kuziba mitambo. Mapigano ya mashariki ya Kongo yamefika hadi kingo za mto wenyewe. Ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, kituo cha Gishoma cha megawati 15, kilichojengwa kuchoma nyiramugengeri, yaani udongo wa kinamasi unaowaka, kimesumbuliwa na upungufu wa kile kinachopaswa kuchomwa. Chupa inayotupwa mtaroni Bukavu inaweza kuzima mtambo wa umeme, na umeme ukikatika mara nyingi utachakaza elektrodi kilometa nyingi mtoni chini. Anayetaka kichocheo chake kidumu lazima aujali mto kwanza.

Nikeli ya jirani

Mtambo wa alkali wa kisasa hutumia takriban tani moja ya nikeli kwa kila megawati. Mtambo wa megawati 1 ukifanya kazi bila kukoma hutoa kilo 450 za haidrojeni kwa siku, zinazotosha mifuko 90 hivi ya urea. Katika saa 60,000 za uhai wake utakuwa umetoa haidrojeni ya mifuko zaidi ya laki mbili. Igawanye tani moja ya nikeli kwa mifuko hiyo: kila mfuko umetumia chini ya gramu 5 za nikeli. Na gramu hizo hazipotei, kwa kuwa elektrodi iliyochoka huyeyushwa na kutumika tena.

Linganisha gramu 5 na yuniti 260 za umeme, na jibu la swali letu linaanza kuonekana.

Hata hivyo nikeli hiyo ina hadithi ya kwetu. Kabanga, wilayani Ngara mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Burundi, kuna mojawapo ya akiba bora duniani za nikeli ya salfaidi ambayo bado haijachimbwa, yenye karibu asilimia 2 ya nikeli. Tafiti zilianza huko miaka ya 1970. Mwezi Januari 2021 serikali ya Tanzania ilisaini mkataba wa mfumo uliounda kampuni ya Tembo Nickel, serikali ikiwa na hisa ya asilimia 16, pamoja na mpango wa kusafishia madini Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Musongati, kusini mashariki mwa Burundi, kuna akiba nyingine kubwa iliyogunduliwa katika miaka hiyo hiyo ya 1970, ila hiyo ni nikeli ya udongo mwekundu, ngumu zaidi kusafisha. Bei ya dunia, iliyoshushwa na wingi wa nikeli ya Indonesia, imechangia kuchelewesha uchimbaji wa akiba zote mbili.

Watu wa Maziwa Makuu wana haki ya kuuliza kwa nini mawe ya Ngara yaende mbali ili yarudi yakiwa elektrodi. Lakini tuwe wakweli: theluthi mbili hivi ya nikeli ya dunia huishia kwenye chuma kisichopata kutu, na elektrodi za ukanda mzima hazitatosha kuendesha mgodi mmoja. Tani moja ya nikeli hupatikana kwenye tani 50 hivi za mawe ya Kabanga. Mitambo ya megawati 100 ingehitaji tani 100 tu za nikeli. Nikeli ya jirani inatupa heshima na usalama wa ugavi, na inaweza kuzaa kazi za kupaka na kukarabati elektrodi. Haitashusha bei ya urea.

Waliotangulia

Haidrojeni ya mto ni wazo la zamani. Huko Rjukan, Norwei, kampuni ya Norsk Hydro ilizalisha amonia kwa umeme wa maporomoko tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Aswan, Misri, kiwanda cha KIMA kilifanya hivyo kwa umeme wa Mto Nile kuanzia mwaka 1960. Na Kwekwe, Zimbabwe, kampuni ya Sable Chemicals ilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1970 mojawapo ya mitambo mikubwa zaidi duniani ya kutenganisha maji kwa alkali, ikitegemea umeme wa Kariba, ili kutengeneza mbolea ya amonia naitreti.

Yote mitatu iliachana na umeme. Norwei na Misri zilihamia kwenye haidrojeni ya mafuta na gesi iliyokuwa nafuu. Kwekwe ilizima mtambo wake mwaka 2015, wakati Zimbabwe ilipokosa umeme wa kutosha kuwagawia wote, na tangu hapo imekuwa ikiagiza amonia kutoka nje. Hakuna hata mmoja uliofungwa kwa sababu nikeli yake ilishindwa. Mtambo wa Kwekwe ulifanya kazi kwa miaka 40 hivi.

Kenya sasa inajaribu njia ndogo zaidi. Mwezi Septemba 2023 ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, na karibu na Naivasha shamba la kampuni ya Kenya Nut limewekewa mtambo wa jua wa kampuni ya Talus, uliokusudiwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku kwa matumizi ya shamba hilohilo. Udogo wake ni busara: mbolea inazalishwa pale inapotumika, na bei yake inashindanishwa na mbolea iliyosafirishwa kutoka bandarini, si na bei ya melini.

Hukumu ya mizani

Turudi Muganza tukiwa na hesabu mkononi. Kila senti moja ya dola kwenye bei ya yuniti huongeza dola 2.6 kwenye gharama ya mfuko, kwa haidrojeni peke yake. Umeme ukiwa senti 5, haidrojeni ya mfuko mmoja imeshakula dola 13. Ukiwa senti 10, dola 26. Urea ikiuzwa dola 400 kwa tani kwenye soko la dunia, mfuko mzima ni dola 20. Ongeza safari kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali, kisha zaidi ya kilometa 200 za milima mpaka Kamembe, na bei ya Muganza inapanda, lakini haipandi bila kikomo. Kichocheo bora kinachoshusha volti kutoka 2 hadi 1.8 kinaokoa moja ya kumi ya umeme. Umeme ukishuka bei kwa nusu, unaokoa nusu.

Kwa hiyo mpangilio wa mambo uko wazi. Kwanza bei ya umeme, pili saa ambazo umeme haukatiki, tatu kichocheo, na mwisho kabisa nikeli yenyewe. Vichocheo vya nikeli vilivyopo leo, sponji ya Raney kwenye kathodi na nikeli yenye chuma kwenye anodi, vinatosha kuanza kazi.

Kuna mapingamizi matatu yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba umeme wa Rusizi uende kwanza majumbani, zahanati na viwandani. Ni kweli, na mtambo wa haidrojeni usijengwe kwa umeme unaonyang'anywa mtu. Nafasi yake ni umeme wa usiku wa manane usio na mtumiaji, pamoja na sehemu ya Ruzizi ya Tatu itakayotengwa kwa mkataba wa wazi.

La pili ni kwamba Ziwa Kivu lina methani, ambayo kampuni ya KivuWatt imekuwa ikiigeuza umeme kwa megawati 26 tangu 2016, na methani hutoa haidrojeni kwa nishati ndogo zaidi kuliko maji. Nalo ni kweli. Lakini methani hiyo ina kiasi chake na matumizi mengi yanayoisubiri, na kila kilo ya haidrojeni inayotoka humo huacha kabonidioksidi. Njia hizi mbili zipimwe kwa karatasi moja, kwa yuniti na kwa faranga, bila ushabiki.

La tatu ni swali: kwa nini tusitengeneze naitreti, tukaacha shida ya kabonidioksidi? Jibu liko kwenye jaruba. Kwenye udongo uliofurika maji, naitreti hugeuzwa na bakteria kuwa gesi na kupotea hewani. Mpunga unahitaji urea au amonia. Hapo ndipo jirani wa saruji anapopata thamani: chokaa inayochomwa tanurini hupoteza asilimia 44 ya uzito wake kama kabonidioksidi. Kuikamata kutoka kwenye moshi ni ghali na kunahitaji mtambo wake, lakini ni wachache wenye shamba la mpunga, mto wa umeme na tanuri la chokaa ndani ya umurenge mmoja.

Basi kazi ya kuanza nayo ni ndogo na inajulikana. Mkataba wa Ruzizi ya Tatu uandikwe huku ukieleza bei ya umeme wa usiku na nani anaweza kuununua. Bukavu, Kamembe na nchi zote tatu zilipe kwa pamoja gharama ya kuondoa plastiki mtoni. Vyuo vikuu vya Rwanda, Burundi, Tanzania na Kongo vipewe seli ndogo za kilowati chache, vizipake nikeli na chuma kwa mikono yao, vizizime na kuziwasha mara elfu kwa mtindo halisi wa umeme wetu, na vichapishe elektrodi zipi zimebaki hai. Hiyo ni takwimu ambayo maabara ya Ulaya yenye umeme usiokatika haiwezi kutupatia.

Mkulima wa Muganza hahitaji kujua jina la Raney wala la Corrigan. Anahitaji mfuko wa urea uliofika kabla ya msimu, kwa bei anayoimudu. Nikeli ya kuutengeneza ipo, na inatosha gramu 5 kwa mfuko. Kilichobaki kiko mikononi mwa wanaopanga bei ya umeme wa mto Rusizi, na wao ndio tunaopaswa kuwauliza.